Panga za Kijapani zinanukia karafuu, mkulima wa Pemba hanusi faida

Chupa ndogo za mafuta ya kupakia panga za Kijapani zinanunuliwa Ulaya, Marekani na kwingineko na watu wanaokusanya panga hizo au wanaojifunza kuzitumia. Harufu yake ni ya karafuu. Wengi wa wanunuzi wameingia kwa mlango wa filamu, katuni na michezo ya kompyuta, na tamthilia ya Shōgun, iliyozoa tuzo 18 za Emmy mwaka 2024, haikupunguza hamu hiyo. Hata Pemba vijana wanawajua samurai vizuri, kwa filamu zinazosimuliwa juu kwa juu kwa Kiswahili. Kwa mwenye mikarafuu huko Makangale swali ni jingine: katika pesa hiyo ana chake?

Kihistoria hana cha kudai. Enzi ya mashogun, watawala wa kijeshi wa Japani, wa ukoo wa Tokugawa, 1603 hadi 1868, upanga ulipakwa mafuta ya karafuu usishike kutu, na Japani haina mikarafuu. Karafuu iliingia kwa bandari ya Nagasaki, kwa mikono ya Wachina na ya Waholanzi, ambao tangu 1641 walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima. Waholanzi hao hao ndio waliokuwa wameihodhi karafuu ya visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia, wakikata mikarafuu ya baadhi ya visiwa hivyo ili bei isishuke. Mkulima wa Pemba, aliyezoea kuuza karafuu yake kwa mnunuzi mmoja, hatashangaa.

Pemba ilichelewa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na kisiwa hiki, kilichosalimika kwa kiasi kikubwa, kikashika uongozi wa zao hilo. Ushogun ulikuwa umeanguka miaka minne nyuma, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kutembea na panga. Soko la sasa, basi, ni la kumbukumbu na burudani. Tena ni dogo: aghalabu kilichomo chupani ni mafuta ya madini, na ya karafuu ni matone tu.

Lakini ndani ya matone hayo ndimo alimo mfanyabiashara mmoja wa Makangale, anayewauzia viungo na mafuta wageni wanaopita barabara ya msitu wa Ngezi kwenda hoteli za pwani na mnara wa Kigomasha. Anasema mgeni akisikia habari ya samurai haombi kupunguziwa bei. Tatizo lake ni mali. Karafuu kavu haruhusiwi kuinunua kwa jirani yake, kwa kuwa sheria inalipa shirika la serikali peke yake haki hiyo. Mafuta inabidi ayafuate kusini, kwenye kiwanda cha kukamua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, karibu na Chake Chake, na akisafiri na mzigo wenye harufu ile msimu wa mavuno hakosi wa kumuuliza kibali. Anakiri kwamba magendo ya kwenda Kenya yapo na kwamba ulinzi una sababu. Asichokubali ni kuhesabiwa mwenye magendo kwa ajili ya chupa zinazojaa mfuko mmoja. Kwa maneno yake, chupa ikishajazwa nje inauzwa popote bila kuulizwa ilikotoka, na yeye anayeishi chini ya mkarafuu ndiye anayesimamishwa njiani.

Ofisa mmoja anayeijua sekta anajibu kwa tarakimu moja: asilimia 80. Hiyo ndiyo sehemu ya bei ya kuuzia nje ambayo serikali inasema humrudia mkulima tangu mageuzi ya 2011. Inasikika vizuri. Ila ni asilimia 80 ya karafuu kavu ndani ya gunia, si ya mafuta, sembuse ya chupa. Na humo humo mkulima anawalipa wachumaji kwa pishi, pamoja na kuchambua na kuanika, na kama mikarafuu ameikodi, ana deni juu ya deni. Daraja la kwanza liliwahi kukaa kwenye shilingi 14,000 kwa kilo misimu kadhaa mfululizo, na bei ya dunia haikukaa nayo. Ofisa anasema uthabiti huo ni kinga. Huenda, kwa miaka ambayo bei ya nje inaporomoka.

Ahadi ya kuongeza thamani imetolewa mara nyingi mno kiasi kwamba wakulima hawaichangamkii. Inawezekana mafuta yenye jina la Pemba yakapata nafasi kwa wapenzi wa panga, wanaolipa vizuri kwa kitu chenye asili. Inawezekana pia wasijali, maana karafuu ya Maluku ndiyo yenye historia ile, na Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote. Mavuno mabaya huko, ambako sigara za karafuu hula sehemu kubwa ya zao, yanaweza kuinua bei ya Pemba kuliko tamthilia yoyote. Mfanyabiashara wa Makangale anafikiria kuongeza mafuta ya mchaichai, ambao anaweza kuununua kwa jirani.