Kwa Nini Mtoto Husema “Tamati”

Jioni mitumbwi irudipo ufukoni pa Mbaha, watoto wadogo huwafuata wakubwa wao majini. Tuseme yumo mmoja wa miaka miwili na nusu. Aona samaki, apiga kelele: “Tamati! Tamati!” Ndugu zake wa shule wacheka sana, kwa kuwa neno hilo walijua kuwa ni la mwisho wa kitabu cha hadithi. Mdogo hajui kwa nini wacheka. Yeye ametaja samaki, na kwa fikira zake ametaja vema.

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za usemi wa watoto wadogo. Katika vijiji vyetu yako makosa ya usemi ambayo wazazi huyadhani kuwa ugonjwa, nayo siyo. Na yako mengine ambayo husemwa kuwa ni utoto tu, kumbe mtoto yataka apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Litazameni lile neno. Ili kutamka s, ulimi husogea karibu na ufizi pasipo kuufunga, hewa ikapita katika mwanya mwembamba. Ni kazi ya ustadi. Ulimi wa mtoto hufika ufizini ukaziba kabisa, hewa ikakatika, na sauti itokayo ni t. Tena k hutengenezwa nyuma ya kinywa. Naye aileta mbele, nayo yawa t vilevile. Basi samaki amekuwa tamati. Hakubahatisha, amefuata kanuni. Ukimsikia akimwita kakaye “tata”, yaelekea utamsikia akisema “dadaa” kwa dagaa, maana g na k ni jirani kinywani na huhama pamoja. Usipa huwa “utipa”, na ziwa huwa “diwa”.

Sauti mbili zikishikamana, huacha moja: mbwa ni “bwa”. Neno likiwa refu, hukata mwanzo wake na kushika sehemu ile yenye mkazo, ambayo kwa Kiswahili ni silabi ya pili kutoka mwisho. Kitabu kikawa “tabu” (na wanafunzi wengine watakubali kwamba hakukosea sana). Sauti ya r huchelewa kuliko nyingi, hata chombo hiki cha kupokea maneno yetu huitwa “ledio”.

Sasa lipo jambo la ajabu. Mkubwa akimwiga mtoto, akamwambia, “Ndiyo, tamati,” mara nyingi mtoto hukasirika. Katika mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Jean Berko na Roger Brown, walieleza habari za mtoto aliyekuwa na samaki wa kuchezea. Kwa Kiingereza samaki ni fish, naye alisema “fis”. Mtu mzima alipomwuliza, “Huyu ni fis wako?” alikataa, akasema, “Siyo, ni fis wangu.” Akakataa tena na tena, hata alipoambiwa neno lililo sahihi ndipo alipokubali, “Ndiyo, fis wangu.” Maana yake ni kwamba sikio la mtoto limekwisha jifunza neno, kinywa ndicho kilicho nyuma. Kumcheka ni kumdhihaki kwa neno analolijua.

Basi afanyeje mzazi? Asimwige, wala asimlazimishe kurudia mbele ya watu. Amjibu kwa neno zima: “Ndiyo, samaki. Samaki mkubwa.” Inatosha. Uchunguzi wa watoto wasemao Kiswahili huko Dar es Salaam, uliotangazwa mwaka 2015 na Nazneen Gangji na wenzake, ulionyesha kuwa makosa haya hupungua kadiri miaka iongezekavyo, kuanzia mitatu hata kukaribia sita.

Walimu nao wafahamu tofauti moja. Mtoto wa miaka minane aandikaye “kalamu ya arusi” badala ya karamu, huenda ametoka katika nyumba ambamo r na l hazitengwi, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Hali kadhalika asemaye “samani” kwa thamani, kwa kuwa th, dh na gh ziliingia katika Kiswahili hasa kwa maneno ya Kiarabu. Huo si utoto wala ugonjwa. Ni somo, nalo lafundishwa kama masomo mengine, bila fimbo. Wala kusema Kimanda au Kimatengo nyumbani hakumharibii mtoto Kiswahili chake.

Wako watu wanaomchukua mtoto kwa mkataji, akatwe kijikano kilicho chini ya ulimi. Twaonya sana juu ya jambo hili. Ni watoto wachache tu ambao kijikano hicho hufunga ulimi kweli, na kukitazama ni kazi ya hospitali. Wembe wa nyumbani huleta damu nyingi na vidonda vibaya.

Mahali panapopasa kuangaliwa kwanza ni sikio. Mtoto atokwaye usaha masikioni mara kwa mara hupata sauti nusu nusu, na asilolisikia hawezi kulisema. Simameni nyuma yake pasipo yeye kuwaona, mmwite kwa sauti ya kawaida. Kesho mjaribu tena. Asipogeuka, apelekwe. Apelekwe pia aliyetimiza miaka miwili bila kusema hata maneno machache, na yule wa miaka minne ambaye wageni hawamfahamu, na asemaye kwa puani kwa kuwa kaakaa lake limepasuka. Na kama mtoto alikwisha kusema, kisha maneno yakaanza kumpotea, msingoje mpaka mavuno yaishe.