Tangi la samaki sebuleni: Tayarisha maji kabla ya kununua samaki

KATIKA nyumba mpya zinazoendelea kujengwa Kinyerezi, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, tangi la kioo lenye samaki wa mapambo ni moja ya vitu vinavyopendezesha sebule. Hata hivyo, habari ya tangi hilo mara nyingi huwa fupi. Mtungi unanunuliwa Jumamosi pamoja na samaki wanne, Jumatano wawili wanaelea, wiki inayofuata wanabaki maji machafu na watoto wanaouliza samaki wamekwenda wapi. Mwisho mtungi unawekwa maua ya plastiki.

Hasara hiyo haiishii kwa mnunuzi. Muuzaji naye hupoteza mteja, kwa kuwa aliyefiwa na samaki mara mbili huamini kwamba ameuziwa wagonjwa na harudi tena dukani. Ukweli ni kwamba samaki wengi wa wanaoanza hawafi kwa ugonjwa. Wanakufa kwa sumu inayotokana na kinyesi chao wenyewe, ndani ya maji ambayo hayajatayarishwa.

Anayetaka kuanza anapaswa kupanga mambo matatu kwa utaratibu huu: kwanza maji, pili vifaa, na mwisho kabisa samaki.

Sumu isiyoonekana

Samaki anapokula hutoa uchafu, na uchafu huo pamoja na mabaki ya chakula hugeuka kuwa amonia. Amonia kidogo tu inatosha kuunguza mashavu ya samaki, ambayo ndiyo anayotumia kuvuta hewa. Maji yanaweza kuonekana meupe kama ya chupa na bado yakawa na sumu hiyo.

Katika ziwa au bwawa kubwa kazi ya kuiondoa hufanywa na bakteria. Kundi la kwanza huibadili amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huibadili naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huweza kuivumilia kama haijazidi. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, na huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana.

Kwa hiyo, mwenye tangi jipya anashauriwa kulijaza maji, kuwasha pampu na kuweka chembe chache za chakula cha samaki kila siku, kana kwamba samaki wamo. Chakula hicho huoza na kuwalisha bakteria. Njia ya mkato iliyo salama ni kuomba kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la tangi la mtu ambaye samaki wake ni wazima, kisha kukiweka katika tangi jipya kikiwa bado kimelowa. Kipande hicho huwa kimeshajaa bakteria.

Aidha, mfugaji akumbuke kwamba sumu ya amonia huwa kali zaidi katika maji ya joto na yale yasiyo na asidi. Dar es Salaam ina joto karibu mwaka mzima, kwa hiyo kosa ambalo katika nchi ya baridi lingesamehewa, hapa huua.

Yajue maji yako

Nyumba moja ya Kinyerezi inaweza kutumia maji ya bomba ya DAWASA, nyingine kisima kirefu, na nyingine maji ya boza yanayohifadhiwa kwenye simtanki. Kila aina ina masharti yake.

Maji ya bomba huwekewa klorini ili yawe salama kwa binadamu, lakini klorini hiyo huua samaki na wale bakteria wa kwenye chujio. Maji hayo yakingwe kwenye ndoo na kuachwa wazi saa 24 hadi 48 kabla ya kutumika. Pampu ya hewa ikiwekwa ndani ya ndoo, klorini huondoka mapema zaidi. Zipo pia dawa za matone za kuondoa klorini kwa wasioweza kusubiri.

Maji ya kisima kwa kawaida hayana klorini, ila visima vingi vya ukanda wa Pwani vina chumvi. Ulimi ni kipimo cha kwanza: maji yakionjwa na kuonekana ya chumvi, yapo samaki wanaoyaweza na wapo wasioyaweza. Birika nalo husaidia. Likijenga utando mgumu mweupe ndani baada ya kuchemsha mara kadhaa, hayo ni maji magumu, yaani yenye madini mengi ya chokaa.

Maji ya boza ndiyo ya kuyatazama zaidi kwa sababu chanzo chake kinaweza kubadilika kila yanapoletwa. Mwenye kutegemea boza asibadili maji mengi kwa wakati mmoja.

Vifaa vya lazima

Kosa kubwa la kiuchumi ni kununua mtungi mdogo wa duara kwa kuwa ni rahisi. Tuchukue mfano wa hesabu: mtu akinunua samaki sita kwa Sh 5,000 kila mmoja, ametumia Sh 30,000. Wakifa na kununuliwa wengine mara mbili, ametumia Sh 90,000 na mtungi bado hauna kitu. Fedha ya samaki wa mara ya pili na ya tatu ingeongezwa kwenye tangi kubwa tangu mwanzo. Maji mengi hupunguza ukali wa sumu na hayapati joto haraka.

Kipimo kinachofaa kwa anayeanza ni tangi la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30, ambalo ujazo wake ni lita 54. Likishawekwa changarawe na kuachwa nafasi juu, hubeba kama lita 45 za maji. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu huweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 6. Sharti ni gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Likikauka kwa siku kadhaa, lijazwe maji na kuachwa nje usiku mzima ili kuona kama linavuja kabla ya kuingizwa ndani.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pamoja na kioo na changarawe, tangi hilo litakuwa na zaidi ya kilo 60. Meza ya mbao laini au kabati la televisheni halifai. Lisiwekwe dirishani, kwani jua la moja kwa moja hupasha maji na kuotesha ukijani.

Vifaa vingine ni pampu ya hewa, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu hiyo, changarawe iliyooshwa vizuri, kipimajoto, mfuniko, wavu mdogo, mpira wa kunyonyea uchafu na ndoo mbili ambazo hazijawahi kutiwa sabuni. Kifaa cha kupashia maji joto, ambacho vitabu vya Ulaya hukitaja kama cha lazima, hakihitajiki Dar es Salaam. Fedha yake inunuliwe vipimo vya amonia.

Gharama ya umeme

Pampu ya wati 5 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 hutumia uniti 3.6. Taa ya wati 8 ikiwaka saa 8 kwa siku hutumia uniti 1.9. Kwa familia inayotozwa Sh 356 kwa uniti pamoja na kodi, jumla ni chini ya Sh 2,000 kwa mwezi.

Linaloumiza zaidi ni umeme kukatika. Kinyerezi ni nyumbani kwa mitambo mikubwa ya gesi, ukiwamo Kinyerezi II wa megawati 240 uliozinduliwa mwaka 2018, lakini wakati wa mgao wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 watu wa Dar es Salaam walikaa gizani kwa saa nyingi. Maji ya joto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.5. Pampu ikizimika kwenye tangi lililojaa samaki, wataanza kupumulia juu ya maji.

Dawa yake ni samaki wachache, pampu ndogo ya kuchaji ya akiba, na kutowalisha mpaka umeme urudi. Ikibidi, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena kutoka juu kila baada ya muda.

Samaki gani wa kuanzia

Samaki wa dhahabu ndiye anayependwa zaidi na wanaoanza, lakini kwa Dar es Salaam ni chaguo baya. Asili yake ni China, hupenda maji ya ubaridi, huchafua sana, na akitunzwa vizuri hukua kuliko urefu wa kiganja. Mtungi wa lita 5 kwake ni jela.

Gapi ni chaguo bora zaidi. Ni samaki mdogo wa Amerika ya Kusini, dume lina sentimeta 3 hivi, linapenda joto na kuvumilia maji magumu. Hula viluwiluwi wa mbu, na kwa sababu hiyo walipelekwa katika nchi nyingi za joto. Moli naye ni wa jamii hiyo na hustahimili maji ya chumvi kidogo, hivyo humfaa mwenye kisima chenye chumvi, mradi tangi lisiwe dogo kuliko lile la lita 54.

Mwenye wasiwasi wa umeme anaweza kufuga beta mmoja, samaki wa Thailand mwenye mapezi marefu. Huyu huweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Madume mawili yasiwekwe pamoja kwani yatapigana hadi kuumizana vibaya, na maji ya chumvi hayamfai.

Vifaranga wa perege, sato au kambale kutoka bwawani wasitiwe kwenye tangi la sebuleni. Perege na sato watalijaza kabla ya mwaka, na kambale, ambaye huweza kuzidi mita moja kwa urefu, atawala wenzake.

Utajiri wa Kigoma na Nyasa

Tanzania yenyewe ni chimbuko la baadhi ya samaki wa mapambo wanaotafutwa sana duniani. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani kwingine. Ziwa Nyasa lina zaidi ya 500. Tangu miaka ya 1970 samaki wa Tanganyika wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege wakiwa hai kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, nayo yana kipimo cha pH kinachokaribia 9. Maana yake ni kwamba maji magumu ya kisima yasiyo na chumvi, ambayo mama wa nyumbani huyalaumu kwa kumaliza sabuni, yanaweza kuwafaa. Wapo wadogo wa sentimeta 5 hivi wanaoishi na kutaga ndani ya magamba ya konokono. Hao hutosha katika tangi la lita 54 lenye mchanga na magamba machache.

Hata hivyo, hawa ni wa hatua ya pili. Katika maji ya pH kubwa amonia huwa sumu zaidi, hivyo wasubiri tangi likomae. Anayefikiria kuwavua au kuwasafirisha kibiashara aanzie ofisi ya uvuvi kupata leseni inayotakiwa kisheria.

Utunzaji na biashara

Baada ya wiki zile 4 hadi 6, na vipimo vikionyesha hakuna amonia wala naitraiti, waingizwe samaki watatu tu. Mfuko wao uelee juu ya maji kwa dakika 15, kisha maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo humo kabla ya kuwahamisha kwa wavu. Wengine waongezwe baada ya wiki mbili, hadi madume sita au nane ya gapi.

Wapewe chakula wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Makombo ya mkate na ugali ni marufuku. Kila wiki robo ya maji, yaani kama lita 11, yatolewe na kujazwa mengine yaliyolazwa. Maji yanayotolewa yana naitreti, ambayo ni mbolea, hivyo yakishatoka kwenye tangi lisilo na chumvi yamwagiwe mchicha. Sponji isuguliwe ndani ya maji hayo hayo ya tangi. Ikioshwa bombani, bakteria hufa na kazi ya mwezi mzima hupotea.

Anayechoka kufuga asimwage samaki katika Mto Msimbazi au bwawa la jirani. Samaki wageni huweza kuzaliana na kuwasumbua wenyeji.

Kwa mfanyabiashara mdogo, gapi jike huzaa vifaranga wengi karibu kila mwezi, na akitengewa tangi la pili lenye majani ya kujificha, wengi watapona kuliwa na wazazi wao. Lakini faida ya kudumu ipo katika namna ya kuuza. Muuzaji anayemuuzia mteja tangi, chujio na kipande cha sponji iliyokomaa leo, akamwambia arudi kuchukua samaki maji yakishakuwa tayari, atakosa fedha ya samaki kwa mwezi mmoja. Huyo huyo ndiye mteja atakayerudi kununua chakula, vipimo na samaki zaidi.