Chuo Kikuu na Wenyeji (2): Damu ya Omogo, Daftari la Kuluva

Juma lililopita tulieleza vibali. Mtafiti akishapata kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, akamwona mwakilishi wa Rais wilayani (RDC) na kupigiwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji (LC1), hujiona ameshaingia kijijini. Ameingia serikalini. Wenye kijiji bado.

Mwaka 1937 madaktari wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, iliyogharamiwa na Rockefeller Foundation, walitoa damu kwa mwanamke wa Omogo, West Nile, Uganda. Mlikuwa na kirusi kipya. Wakakipa jina la wilaya, na tangu kifike New York mwaka 1999, Wamarekani hulitaja jina hilo kila msimu wa mbu. Yule mama hatajwi na mtu. Baadaye akaja mwanaanthropolojia John Middleton kutoka Oxford, akakaa na Walugbara wa huko. Kitabu chake juu ya dini yao kilitoka mwaka 1960. Ni kitabu kizuri, sikatai, ila kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha isiyo ya wazee waliomfundisha habari za mababu.

Kuluva, nje kidogo ya Arua, mambo yalikwenda vingine. Daktari Ted Williams na ndugu yake Peter, wamisionari, waliishi pale miaka mingi, wakiwaandika daftarini watoto waliovimba taya: nani, wa kijiji gani, lini. Daftari hilo ndilo lililoonyesha kuwa wagonjwa hutokea kwa mafungu, mwaka huu upande huu, mwaka ujao kwingine. Kuanzia 1972 watafiti wa kimataifa walipotaka kujua kama kirusi cha Epstein-Barr hutangulia saratani hiyo ya taya, ya Burkitt, watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu. Mwaka 1978 matokeo yakachapishwa: hutangulia. Sidhani wazazi wangewatoa watoto wengi hivyo kwa wapita njia.

Tangu 2013 Arua ina chuo kikuu chake cha umma, Muni. Kikishirikiana na vyuo vya ng'ambo, kidai mambo mawili mapema: mkataba usomwe kwa Kilugbara au Kikakwa kabla ya sindano na kinasa sauti kutolewa mkobani, na matokeo yasomwe kwenye baraza lilelile la kijiji lililotoa ruhusa.

Toleo lijalo: nani atie saini kwa niaba ya ukoo wa Kikakwa, ikiwa nusu ya wazee wako Koboko na wengine wako ng'ambo ya mpaka, Kongo na Sudan Kusini?