Michuano ya Rio ambayo haikuwahi kufanyika: mikanda ya mieleka na historia za kubuni

Katika orodha rasmi za mabingwa wa mieleka ya kulipwa nchini Marekani, jina la kwanza chini ya mkanda wa Mabara, ujulikanao kama Intercontinental, ni la Pat Patterson. Kumbukumbu zinaeleza kuwa aliutwaa mwezi Septemba 1979, baada ya kushinda michuano iliyofanyika Rio de Janeiro, Brazil.

Michuano hiyo haikuwahi kufanyika. Hapakuwa na ulingo, mwamuzi, watazamaji wala mpinzani aliyeangushwa. Kilichokuwapo ni tangazo lililosomwa kwa mashabiki wa Marekani, na mkanda uliong'aa kiunoni mwa mshindi.

Mkanda huo ungali unagombewa hadi leo, na umekuwa miongoni mwa tuzo zinazoheshimiwa zaidi katika mchezo huo. Historia yake inaeleza jinsi mieleka ya kulipwa inavyojijengea heshima kwa masimulizi, na pia jinsi nchi za mbali, Uganda ikiwa mojawapo, zilivyoingizwa katika masimulizi hayo bila kuulizwa.

Kwa nini bingwa ahitaji historia?

Katika mieleka ya aina hii, mshindi hupangwa kabla ya pambano. Ubingwa basi si kipimo cha nguvu pekee. Ni uamuzi wa promota kwamba mtu fulani anaweza kuwavuta watu wakate tiketi. Lakini mtazamaji hatavutwa na mkanda uliotengenezwa jana na kukabidhiwa mtu ofisini. Ni lazima aamini kuwa kuna waliouwania wakashindwa.

Mwaka 1948, mapromota kadhaa walikutana Waterloo, katika jimbo la Iowa, wakaunda umoja uliojulikana kwa kifupi kama NWA. Kila mmoja alibaki na eneo lake, na wote wakakubaliana kumtambua bingwa mmoja wa dunia ambaye angezunguka kutoka mji hadi mji. Mpango huo ulidumu kwa miaka mingi, lakini kila palipotokea mfarakano, waliojitenga walijikuta na tatizo lile lile: wampate wapi bingwa wa kwanza?

Jibu mojawapo lilitolewa mwaka 1960 na chama cha AWA, kilichokuwa na makao Minnesota. Chama hicho kilimtambua Pat O'Connor, aliyekuwa bingwa wa NWA, kisha kikampa siku 90 akutane na Verne Gagne. Siku zilipopita bila pambano, Gagne alitangazwa bingwa. Hakumwangusha mtu yeyote.

Rio kwa mara ya kwanza

Jibu la pili lilipatikana miaka mitatu baadaye. Tarehe 24 Januari 1963, mjini Toronto, Lou Thesz alimshinda Buddy Rogers na kuutwaa ubingwa wa NWA. Mapromota wa kaskazini mashariki mwa Marekani, wakiongozwa na Vincent J. McMahon na Toots Mondt, walikataa kuyatambua matokeo hayo. Hoja yao ilikuwa kwamba pambano liliamuliwa kwa kuanguka mara moja tu, ilhali desturi ilikuwa mshindi ashinde raundi mbili kati ya tatu.

Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na biashara. Rogers ndiye aliyekuwa akiwajazia kumbi. Wakajitenga, wakaunda chama chao cha WWWF, ambacho leo ni WWE, na mwezi Aprili 1963 Rogers akatangazwa bingwa wake wa kwanza. Mashabiki walielezwa kuwa alishinda michuano Rio de Janeiro, na kwamba katika fainali alimwangusha Antonino Rocca.

Jina la Rocca halikuchaguliwa kwa bahati. Alizaliwa Italia, akakulia Argentina, na alipendwa mno na wahamiaji wa Kilatini mjini New York. Kumtaja katika fainali ya Amerika Kusini kuliipa hadithi sura ya ukweli.

Tarehe 17 Mei mwaka huo, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Bruno Sammartino alimshinda Rogers kwa sekunde 48 tu. Sammartino, mhamiaji kutoka Italia aliyejificha milimani na familia yake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliushika ubingwa huo kwa siku 2,803, hadi Januari 1971. Mkanda uliozaliwa kwa tangazo ukapata historia ya kweli kwa jasho la mtu mmoja.

Rio kwa mara ya pili

Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ilitaka ubingwa wa pili, ulio chini ya ule mkuu. Mwezi Juni, Patterson alimshinda Ted DiBiase na kutwaa ubingwa wa Amerika Kaskazini. Miezi michache baadaye ikatangazwa kuwa ameuunganisha na ubingwa wa Amerika Kusini, ambao nao haukuwa umewahi kupiganiwa mbele ya mtu yeyote. Mabara mawili yakazaa jina la mkanda mpya, na Rio ikatajwa tena.

Kwa nini mji huo? Ulikuwa maarufu kiasi cha kutambulika na kila shabiki, na mbali kiasi cha kutofikika. Hapakuwa na intaneti, simu za kimataifa zilikuwa ghali, na magazeti makubwa hayakuwa na desturi ya kufuatilia matokeo ya mieleka. Wanamieleka wenyewe walifungwa na mwiko wa kutofichua siri za ulingo.

Mwiko huo ulilegezwa hadharani mwezi Februari 1989, pale wawakilishi wa kampuni walipowaambia watunga sheria wa New Jersey kwamba shughuli yao ni burudani, ili waondolewe usimamizi uliohusu michezo ya ushindani. Mashabiki hawakukimbia. Tarehe 29 Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London, ulifurika watu kumtazama Davey Boy Smith akiutwaa mkanda wa Mabara kutoka kwa shemeji yake, Bret Hart. Kati ya Juni 2022 na Aprili 2024, Gunther wa Austria aliushika kwa siku 666 mfululizo, rekodi ya mkanda huo.

"Mganda" kutoka Mississippi

Usiku ule wa Wembley, alipanda pia ulingoni mtu aliyetambulishwa kama Kamala, jitu kutoka Uganda. Aliingia peku, na rangi usoni na tumboni, akiwa na kinyago na mkuki. Hakuzungumza. Kwa mujibu wa masimulizi ya mapromota, aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Jina lake halisi lilikuwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950 na kuwahi kuendesha malori. Uhusika huo alitungiwa Memphis mwaka 1982, miaka mitatu baada ya Amin kung'olewa madarakani na majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Mbinu ilikuwa ile ile ya Rio: itaje nchi ambayo mtazamaji ameisikia lakini hawezi kuikagua. Tofauti ni kwamba Rio ilipewa michuano, Uganda ikapewa kichekesho. Mamilioni ya watoto wa Marekani na Ulaya walilisikia jina la nchi hiyo kwa mara ya kwanza likiambatana na mtu asiye na viatu wala lugha. Hadithi ya Rio haikumuumiza mtu. Hii ilikuwa na watu wanaohusika, na hakuna aliyewauliza.

Harris naye hakunufaika kama umaarufu wake ulivyodhaniwa. Ugonjwa wa kisukari ulisababisha akatwe miguu yote miwili. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa wanamieleka zaidi ya 50 wa zamani walioishtaki WWE wakidai kuwa haikuwalinda dhidi ya athari za majeraha ya kichwa. Mahakama iliitupa kesi hiyo mwaka 2018. Harris alifariki dunia mwezi Agosti 2020 baada ya kuambukizwa virusi vya corona. Matokeo ya ulingoni hupangwa, lakini kishindo cha mwili unapotua sakafuni hakipangwi kisiume.

Ulingo wa udongo Mukono

Katika miaka ya karibuni Uganda imeanza kujisimulia yenyewe. Wilayani Mukono, mashariki mwa Kampala, kundi la vijana linaloitwa Soft Ground Wrestling, lililoanzishwa na Daniel Bumba, maarufu kwa jina la Bumbash, hupigana mieleka katika ulingo wa udongo uliozungushiwa nguzo za miti na kamba. Video zao zilisambaa duniani kupitia mitandao ya kijamii, na nyota wa Marekani waliwapongeza.

Nao wana majina ya kujibandika, visa vya kutunga na mikanda yao. Katika hilo hawatofautiani na McMahon wa mwaka 1963, kwani kila ubingwa wa mieleka ya kulipwa huanza kwa mtu kuutangaza. Linalobadilika ni anayetangaza. Mganda wa kwanza kujulikana sana katika mieleka ya Marekani hakuwa Mganda. Wanaofuata wanatoka Mukono, wanasema kwa vinywa vyao, na atakayetaka kuhakikisha anaweza kupanda gari kutoka Kampala akaenda kuwatazama.