Mipaka ya Kazi, Mipaka ya Maneno: Mafunzo ya Wasaidizi wa Kisheria na Wakandaji Tiba katika Vyuo vya Jamii na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vyuo vya jamii vya Marekani vinavyowaandaa wasaidizi wa kisheria na wakandaji tiba, kisha yanachunguza mahitaji ya kilugha ya mafunzo ya aina hiyo katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kazi zote mbili hufafanuliwa zaidi na yale ambayo mhitimu haruhusiwi kuyafanya, na kwamba mipaka hiyo hubebwa na maneno. Pale ambapo Kiswahili ni lugha ya mteja lakini si lugha ya mtaala, mpaka huweza kuvukwa bila mhitimu wala mteja kutambua. Makala yanapendekeza kwamba vitenzi vya mipaka visanifiwe kabla ya vyeo vya kazi.

1.0 Utangulizi

Mafunzo ya muda mfupi yanayomwingiza kijana katika ajira yamepewa uzito mkubwa katika sera za elimu za ukanda huu. Mijadala mingi huhusu majengo, karakana na mitaala. Suala la lugha huachwa mwishoni, kana kwamba stadi ikishajifunzwa itajieleza yenyewe. Kwa fundi seremala dhana hiyo ina ukweli fulani, kwa kuwa meza hukaguliwa kwa macho. Kwa msaidizi wa kisheria na mkandaji tiba haina ukweli. Mtu anayehudumiwa nao hawezi kukagua kazi kabla ya kuipokea. Analotegemea ni jina la cheo na maelezo anayopewa.

2.0 Chuo cha jamii na utendaji wake

Chuo cha jamii ni taasisi ya umma inayotoa elimu ya miaka miwili baada ya sekondari, hupokea wanafunzi wa eneo lake kwa ada nafuu, na huwaruhusu wengi wao kusoma huku wakifanya kazi. Chuo kikongwe zaidi cha umma cha aina hii, Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1947 tume ya elimu ya juu iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivyo vienezwe nchini kote. Leo idadi yake inazidi 1,000.

Afrika Mashariki si ngeni kwa wazo hilo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vililenga watu wazima wa vijijini na vilifundisha kwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba vyuo vya Marekani vilifungamanishwa na taratibu za leseni na usajili wa kazi, ilhali Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viliegemea maendeleo ya jumla ya jamii.

3.0 Msaidizi wa kisheria: kueleza bila kushauri

Programu ya kumwandaa msaidizi wa kisheria huwa na masomo ya utafiti wa sheria, uandishi wa nyaraka, taratibu za mashauri ya madai, maadili ya kazi na mafunzo kwa vitendo ofisini. Chama cha Wanasheria cha Marekani, ambacho huidhinisha programu hizo kwa hiari ya vyuo, hutaka mwanafunzi apate angalau saa 60 za muhula, 18 kati yake zikiwa za masomo mahususi ya sheria.

Hata hivyo, kiini cha mafunzo ni katazo. Mhitimu hufanya kazi chini ya wakili, na hawezi kumpa mteja ushauri wa kisheria kwa mamlaka yake mwenyewe. Sheria ya California iliyopitishwa mwaka 2000 inafunga jina la cheo hicho kwa wale tu wanaosimamiwa na wakili. Anayemwandalia mwananchi nyaraka moja kwa moja, bila wakili, hupewa jina jingine na hutakiwa kujisajili. Naye pia haruhusiwi kushauri. Majina mawili yanatenganisha kazi ambazo kwa macho ya mteja zinafanana.

Mpaka huo si rahisi kuusogeza. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliruhusu kundi jipya la mafundi sheria wenye leseni yenye mipaka, ambao wangeweza kushauri katika masuala ya familia bila kusimamiwa na wakili, na sehemu ya masomo yao ilitolewa katika vyuo vya jamii. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo iliamua kuufunga mpango huo kwa waombaji wapya.

Afrika Mashariki imepita njia yake. Sheria za msaada wa kisheria za Kenya ya mwaka 2016 na Tanzania Bara ya mwaka 2017 zinamtambua msaidizi wa kisheria kama mtu anayeihudumia jamii, hasa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Kwa hiyo mtaala wa Marekani, unaomwona kama mfanyakazi wa ofisi ya wakili, hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo. Kinachofaa kuazimwa ni nidhamu ya mpaka. Bila nidhamu hiyo, mwananchi hawezi kumtofautisha msaidizi aliyefunzwa na yule ambaye lugha ya mitaani nchini Tanzania inamwita wakili kishoka: mtu anayejipa uwakili, akapokea malipo na kutoweka siku ya shauri.

4.0 Mkandaji tiba: kugusa bila kutambua ugonjwa

Mkandaji tiba husoma muundo wa mwili, utendaji wa viungo, magonjwa, usafi, maadili na utunzaji wa kumbukumbu. Vyuo vingi huendesha kliniki ambamo wanafunzi huhudumia wananchi kwa bei nafuu chini ya uangalizi wa mwalimu. Saa zinazotakiwa hutofautiana kwa majimbo: Texas hutaka 500, New York 1,000. Aliyehitimu Texas akihamia New York huweza kulazimika kuongeza masomo. Jambo hilo linapaswa kuzingatiwa na Jumuiya ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2010, inalenga utambuzi wa pamoja wa sifa za kitaaluma.

Hapa pia mafunzo ni ya mpaka. Mkandaji hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Hufundishwa dalili zinazomtaka asiguse kabisa. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, huweza kuashiria damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kuukanda kunaweza kuling'oa bonge hilo na kulipeleka mapafuni. Maswali yanayoulizwa kabla ya mikono kuanza kazi ndiyo yanayomlinda mteja, na maswali hayo ni lugha tupu.

5.0 Kiswahili na mipaka hiyo

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kazi ya mikono. Kuna kukanda, kitenzi kinachotumika kwa unga, kwa maji moto na kwa mwili wenye maumivu. Kuna kuchua, kilichozaa jina la mchua misuli wa timu ya mpira. Kuna kusinga, kinachoambatana na manukato na maandalizi ya bi harusi katika mwambao. Pia kuna neno la mkopo masaji, ambalo mijini limechanganyika na dhana ya burudani, kiasi kwamba mhitimu huweza kutiliwa shaka kwa jina tu. Kukanda ndicho kinachokaribia zaidi tiba bila kudai utabibu, na ndiyo sababu makala haya yanatumia mkandaji tiba.

Ugumu mkubwa umo katika vitenzi. Kueleza, kuelekeza, kushauri na kuwakilisha hutumika katika mazungumzo ya kawaida bila mpaka mkali. Msaidizi akisema "nakushauri ufungue shauri", huenda alikusudia kueleza utaratibu tu. Mteja amesikia uamuzi wa mtaalamu. Kadhalika kukanda, kutuliza na kutibu hupishana kwa urahisi, ilhali kisheria neno la mwisho lina wenyewe.

Neno rufaa linaonyesha hali hiyo vizuri. Mahakamani ni hatua ya kupinga uamuzi. Hospitalini ni kupelekwa kwa mtaalamu wa juu zaidi. Dhamana nayo ina maana moja polisi na nyingine benki. Mwanafunzi aliyejifunza dhana hizi kwa Kiingereza pekee hupokea cheti akiwa hajafanya mazoezi ya kutenganisha maana hizo mbele ya mama mwenye mtoto mahabusu au mkopo uliochelewa. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa katika mazingira maalumu. Hivyo, mtaala unaobaki katika Kiingereza unamwandaa mhitimu kwa lugha ambayo mteja wake haisikii mahakamani wala nyumbani.

Katika nchi jirani suala lina sura nyingine. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inaitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Rwanda iliipa Kiswahili hadhi rasmi mwaka 2017. Huko Kiswahili hakichukui nafasi ya Luganda au Kinyarwanda katika mashauri ya kijijini. Uwanja wake ni mpakani na sokoni, ambako wenye mgogoro hawana lugha nyingine ya pamoja. Msaidizi wa kisheria anayehudumia maeneo hayo anahitaji Kiswahili cha taratibu, si cha salamu tu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Funzo kuu la vyuo vya jamii si idadi ya saa wala mpangilio wa masomo. Ni kwamba chuo, sheria na jina la kazi husema jambo moja kuhusu mpaka wa mhitimu. Ili hilo liwezekane katika ukanda huu, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, kila mtaala ufafanue kwa Kiswahili vitenzi vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa katika kazi husika, kisha ndipo cheo kiteuliwe. Pili, mtihani wa kuhitimu ujumuishe mazungumzo na mteja katika lugha ya mteja: msaidizi aeleze utaratibu bila kushauri, na mkandaji aulize dalili na aweze kukataa kazi kwa staha. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mamlaka za mafunzo ya ufundi za nchi wanachama kuandaa faharasa ya pamoja ya vyeo na vitenzi hivyo, ili cheti kinachovuka mpaka wa nchi kivuke pamoja na maana yake.

Gharama ya kupuuza hilo haitaonekana katika takwimu za wahitimu. Itaonekana kwa mwananchi aliyekosa muda wa kukata rufaa kwa sababu aliambiwa "subiri", na kwa mgonjwa aliyekandwa pale alipopaswa kupelekwa hospitali.