Michango ya Mtandaoni na Yule Asiye na Watu

Agosti 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu nchini Kenya, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo, alihitaji shilingi milioni 1 ili akafanyiwe upasuaji India. Mwandishi mwenye wasomaji wengi mtandaoni akasimulia habari zake na kuweka namba ya kuchangia ya shirika la Africa Cancer Foundation. Lengo lilitimia upesi, na ndani ya siku chache zilikuwa zimeingia zaidi ya milioni 6. Wengi waliotoa walikuwa watu wa kawaida. Walituma walichokuwa nacho kwa M-Pesa, kisha wakasambaza namba ile kwa marafiki.

Wakati huohuo, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini humo yenye mashine za mionzi za kutibu saratani. Wagonjwa walisubiri zamu yao kwa miezi. Nao walikuwa wana wa watu, na maumivu yao hayakuwa madogo kuliko ya kijana yule. Walichokosa ni mtu wa kusimulia habari zao kwa maelfu.

Simlaumu yeyote aliyetuma fedha mwezi ule. Walifanya jambo jema na ningependa lifanyike tena. Lakini anayetaka kuielewa michango ya mtandaoni aanzie kwenye tofauti hiyo. Fedha hufuata njia ya mahusiano. Wanaotoa kwanza ni ndugu wa mgonjwa, waliosoma naye, wafanyakazi wenzake, waumini wa kanisa au msikiti wake. Hao wakishatoa, mtu wa mbali huona kiasi kinapanda, huamini, naye hutoa. Kampeni isiyo na kundi hilo la kwanza hufa kimya, hata kama habari yake inaliza.

Ushahidi mkubwa tulio nao unatoka Marekani. Watafiti Nora Kenworthy na Mark Igra walichambua kampeni zaidi ya 400,000 za matibabu zilizofunguliwa kwenye jukwaa la michango la GoFundMe kati ya 2016 na 2020. Zilizofikia lengo hazikutimia asilimia 12. Asilimia 16 hazikupata hata senti moja. Tena, maeneo yenye watu wengi wasio na bima na wenye madeni ya hospitali ndiyo yaliyokusanya kidogo zaidi. Kwa maneno mengine, waliohitaji zaidi walipata pungufu, kwa sababu marafiki wa maskini aghalabu ni maskini.

Afrika Mashariki tunalijua hili tangu enzi za kadi za mchango. Harambee na michango ya harusi na misiba ina daftari lake, liandikwe au lisiandikwe: aliyechangia wenzake huchangiwa. Ni utaratibu wenye heshima, na umesomesha na kuzika watu wengi. Simu imeuongezea mbio tu. M-Pesa ilianza 2007. Mwaka 2011, Turkana ilipokumbwa na ukame, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipokea hata shilingi 10 na ikavuka lengo lake la milioni 500. Mwaka 2012 likaanzishwa jukwaa la M-Changa, mahsusi kwa kazi hii. Ila daftari lile halikubadilika. Mjane ambaye hajawahi kumudu kuwa kwenye makundi ya michango ya WhatsApp, siku mwanawe akiugua, atatuma ombi lake kwa nani?

Kuna jambo la pili, nalo limo ndani ya moyo wa kila mmoja wetu. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio waliyowafanyia watu Marekani, ambao walilipwa dola 5 kwa kujibu maswali kisha wakaombwa kuchangia vita dhidi ya njaa Afrika. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa wastani wa dola 1.14. Walioonyeshwa picha ya msichana mmoja wa Mali, mwenye umri wa miaka 7, walitoa dola 2.38. Kundi la tatu lilipewa picha ya msichana yuleyule pamoja na takwimu, na wastani ukashuka hadi dola 1.43. Takwimu zilipoungana na uso wa mtoto, huruma ilipoa.

Ndiyo maana mchangishaji hodari huanza na mtu mmoja, jina lake na anachokipenda. Sina ugomvi na mbinu hiyo. Ninachoomba ni mipaka. Picha ya mtoto akiwa uchi na katika maumivu kitandani itabaki mtandaoni hata akipona, akienda shule, akitafuta kazi. Mgonjwa mzima aulizwe mwenyewe, na mzazi afikirie mwanawe atasema nini akiiona picha ile akiwa na miaka 20. Picha ya siku ya furaha, kabla ya ugonjwa, nayo humfanya mtu atoe.

Huruma ya namna hii pia haikai. Septemba 2015 picha ya mtoto wa Kisyria aliyekutwa amekufa ufukweni Uturuki ilizunguka dunia, na michango ya kila siku kwa mfuko wa wakimbizi wa Msalaba Mwekundu wa Sweden ikaongezeka maradufu mara nyingi. Baada ya wiki kama sita ilikuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa. Vita vya Syria vilikuwa vikiendelea.

Basi swali la kitaalamu ni hili: wimbi likipita, linaacha nini? Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu kwa ajili ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoongoza misuli. Wengi waliuona mchezo wa kujionyesha. Wagonjwa wawili vijana, Pete Frates na Pat Quinn, ndio waliousukuma, na chama cha wagonjwa cha ALS Marekani kilipokea dola milioni 115. Jaribio la kuurudia mwaka uliofuata lilipata sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Lakini fedha za kwanza zilikuwa zimeingia mahali penye mpango; sehemu kubwa ilielekezwa kwenye utafiti, na 2016 watafiti waliosaidiwa na fedha hizo wakatangaza kuitambua jeni ya NEK1 kuwa inahusika na ugonjwa huo. Frates na Quinn wameshafariki. Kazi waliyoichangia inaendelea.

Somo ninalolichukua hapo ni la vitendo. Mtu mwenye watu anaweza kuwagawia wasio na watu sehemu ya nguvu hiyo. Ukichangisha kwa ajili ya ndugu yako, tafuta hospitali au taasisi ipokee fedha moja kwa moja, na utangaze mapema ziada itakwenda wapi, na fedha zitakwenda wapi mgonjwa akifariki. Watu huona aibu kulitamka hilo la mwisho; familia nyingi zimegombana kwa kutolitamka. Usitumie laini yako binafsi. Mbali na shaka inayoleta, nchini Kenya akaunti ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na mchango ukishika kasi fedha zinaweza kugonga mwamba. Wawe watu wawili wanaoidhinisha kila matumizi, na stakabadhi ziwekwe palepale namba ilipowekwa. Waliotuma 50 wana haki ya kuziona sawa na waliotuma 50,000.

Wewe unayetumiwa namba, usione haya kuuliza. Mgonjwa amelazwa wapi? Namba ina jina la nani? Tapeli hukimbia maswali, na mwenye shida ya kweli huwa na barua ya daktari.

Na wale wasiojulikana wapo mahali panapojulikana. Hospitali kubwa za Tanzania na Kenya zina maofisa wa ustawi wa jamii wanaowajua wagonjwa walioshindwa kulipa na wasiotembelewa. Katika Hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania, shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo. Nairobi, Faraja Cancer Support Trust hulipia matibabu ya watoto ambao familia zao hazina uwezo. Huko fedha hugawanywa na watu wanaopima haja ya kila mgonjwa. Kwa hiyo ukitumiwa namba ya mchango wiki hii, na umejiridhisha, tuma. Halafu tenga sehemu, hata robo ya ulichotuma, upeleke kwenye mfuko wa namna hiyo, na uwaandikie wenzako kwenye kundi kwamba umefanya hivyo na namba yake ni hii.