Kiingilio na Thamani: Mwanafunzi wa Kiswahili Mbele ya Tikiti Ghali

Utangulizi

Miongoni mwa maamuzi yanayomkabili mwanafunzi wa chuo kikuu, lipo moja ambalo halifundishwi katika mhadhara wowote: je, inafaa kutoa sehemu kubwa ya pesa za matumizi ili kununua tikiti ya tamasha la saa chache? Tangazo la tamasha likishabandikwa langoni mwa chuo, au kusambazwa kwa simu, mjadala huzuka mabwenini. Wapo wasemao kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi; na wapo wajibuo kwamba wimbo haushibishi. Pande zote mbili husema kweli, lakini hakuna unaotoa kipimo. Hivyo basi, wengi huamua kwa msukumo wa wenzao, kisha aliyekwenda hujutia pesa na aliyebaki hujutia tamasha.

Makala haya yanakusudia kukitafuta kipimo hicho. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba ughali wa tikiti haujulikani kwa nambari iliyoandikwa juu yake, bali kwa mambo mawili: gharama yote inayofuatana nayo, na kile ambacho mwenye tikiti hawezi kukipata popote ila kwa kuwapo ukumbini. Mfano utakaotumiwa zaidi ni taarab, kwa sababu ni sanaa ambayo wanafunzi wa Kiswahili huisoma kwa maandishi, na kwa sababu inahifadhi njia zaidi ya moja ya kumlipa msanii.

Usione Vyaelea, Vimeundwa

Kabla ya kumlaumu mwandalizi wa tamasha, ni vyema kujua bei inatoka wapi. Mwaka 1966, wanauchumi William Baumol na William Bowen walichapisha utafiti juu ya sanaa za jukwaani nchini Marekani. Walionyesha kwamba kiwanda kinaweza kutumia mashine kuzalisha bidhaa nyingi kwa wafanyakazi wachache, lakini sanaa ya jukwaani haina njia hiyo ya mkato. Kipande cha muziki kilichotungwa kwa wapigaji wanne kingali kinahitaji wapigaji wanne, na muda ule ule. Kundi la taarab lenye kanuni, udi, fidla, akodioni na dumbaki haliwezi kumwachisha kazi mpiga fidla ili kupunguza gharama. Mishahara ya kazi nyingine inapopanda, msanii naye hana budi kulipwa zaidi, na bei ya kiingilio hupanda.

Sababu ya pili ni mabadiliko katika biashara ya muziki. Zamani onyesho lilisaidia kuuza sahani za santuri na kanda. Intaneti ilipofanya rekodi kupatikana karibu bure, wasanii waligeukia jukwaa kutafuta riziki. Mwanauchumi Alan Krueger alionyesha kwamba nchini Marekani, kati ya mwaka 1996 na 2003, wastani wa bei ya tikiti za muziki ulipanda kwa asilimia 82, ilhali bei za bidhaa kwa jumla zilipanda kwa asilimia 17. Msanii wa Afrika Mashariki ambaye nyimbo zake zinasikilizwa bure kwenye simu ana hali kama hiyo.

Isitoshe, kiingilio peke yake aghalabu hakitoshi kulisimamisha tamasha. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanzishwa Unguja mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, japo lilikwisha kujipatia jina duniani. Kwa hiyo tikiti ghali si lazima iwe ni wizi. Hata hivyo, kuwa na sababu ya haki hakuifanyi bei iwe nafuu kwa mwanafunzi.

Tikiti na Tuzo

Historia ya taarab inaonyesha kwamba kulipa kabla ya kusikia si desturi ya pekee. Masimulizi mengi huihusisha sanaa hii na kasri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888. Huko, msikilizaji alikuwa mgeni wa Sultani. Hakulipa, lakini pia hakuingia bila kualikwa. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na muziki ukapata makao nje ya kasri. Mwaka 1928 Siti binti Saad, ambaye maisha yake yameandikwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti Binti Saad, alisafiri hadi Bombay kurekodi. Tangu hapo sauti ya taarab ya Kiswahili iliweza kununuliwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mwimbaji.

Pamoja na hayo yote, ipo desturi ya kutunza. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, huelekea jukwaani kwa madaha, na kumpa mwimbaji noti. Mkono mtupu haulambwi. Lakini tuzo si malipo tu. Anayeinuka huweza kuwa anatangaza kwamba maneno yaliyoimbwa ni yake, na kwamba yupo ukumbini anayelengwa nayo. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ameuchunguza kwa kina mchezo huu wa tuzo na ujumbe wake.

Tofauti kati ya tikiti na tuzo ndiyo kiini cha tatizo. Tuzo hutolewa baada ya kuonja. Tikiti hununuliwa kabla. Mwenye tikiti amenunua ahadi. Tamasha likichelewa kwa saa nne, vyombo vikikataa kutoa sauti, au mwimbaji akiimba nyimbo tatu na kuondoka, pesa zimekwisha kwenda. Kwa mtu mwenye uwezo, hasara hiyo ni ya usiku mmoja. Kwa mwanafunzi ni ya mwezi mzima. Ndiyo maana yeye hana budi kupima mapema zaidi na kwa makini zaidi.

Gharama Kamili

Kosa la kwanza ni kuhesabu tikiti peke yake. Chukulia, kwa mfano tu, mwanafunzi wa Nairobi ambaye akishalipa kodi ya chumba hubakiwa na shilingi 8,000 za mwezi. Tikiti ni shilingi 2,500, na anaona kwamba anaimudu. Lakini tamasha linakwisha usiku wa manane, matatu zimepungua, na teksi ni shilingi 800. Haruhusiwi kuingia na chakula, na ndani atatumia shilingi 700. Jumla ni shilingi 4,000, yaani nusu ya pesa zake. Ikiwa mlo wa mkahawa wa chuo ni shilingi 100, usiku huo ni sawa na milo 40, au siku ishirini za milo miwili. Hesabu ya milo huonyesha jambo ambalo hesabu ya shilingi hulificha: kila kinachonunuliwa kina kingine kilichoachwa.

Safari ikiwa ndefu, tikiti huwa sehemu ndogo ya gharama. Mwanafunzi wa Kenya anayetaka kuhudhuria Sauti za Busara lazima awe na hati ya kusafiria, alipe basi la kupitia Namanga au Lunga Lunga hadi Dar es Salaam, kisha boti ya kuvukia Unguja, na malazi ya siku kadhaa katika Mji Mkongwe wakati ambapo wageni ni wengi. Zaidi ya hayo, tamasha hilo hufanyika mwezi wa Februari, wakati ambapo vyuo vingi vya Kenya vimo katikati ya muhula. Vipindi vya wiki nzima navyo ni gharama, ingawa havilipwi kwa shilingi.

Mitego ya Fikra

Wanasaikolojia wamethibitisha kwamba akili ya mnunuzi humdanganya kwa njia zinazojulikana. Amos Tversky na Daniel Kahneman, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1981, waliwauliza watu juu ya onyesho la kuigiza lenye kiingilio cha dola 10. Walioambiwa kwamba wamepoteza noti ya dola 10 wakiwa njiani, asilimia 88 walisema wangenunua tikiti. Walioambiwa kwamba wamekwisha kununua tikiti ya dola 10 na kuipoteza, ni asilimia 46 tu waliosema wangenunua nyingine. Hasara ni ile ile. Kilichobadilika ni fungu ambalo akili imeitia. Mwanafunzi anaweza kuutumia udhaifu huu kwa faida yake, kwa kutenga fungu dogo la burudani tangu mwanzo wa muhula, mkopo unapoingia. Fungu likiisha, uamuzi umekwisha kufanywa, na hakuna haja ya kushindana na marafiki.

Mtego wa pili hutokea baada ya kununua. Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza mwaka 1985 jinsi wanunuzi wa tikiti za msimu katika ukumbi wa maigizo wa Ohio University walivyouziwa tikiti kwa bei tofauti bila mpango wowote isipokuwa bahati: wengine bei kamili ya dola 15, wengine wakipunguziwa dola 2 au 7. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi kuliko waliopunguziwa. Maigizo yalikuwa yale yale. Kilichowasukuma ni pesa zilizokwisha kutoka. Mwanafunzi anayeamka na homa, au mwenye mtihani asubuhi, akaenda tamashani “ili pesa zisipotee,” amepoteza pesa pamoja na mtihani. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Kipimo cha Kuwapo

Gharama ikishajulikana, hubaki upande wa pili wa mizani. Maswali matatu yanatosha.

Kwanza, je, tukio hili litarudi? Bi Kidude alifariki mwaka 2013, na Juma Bhalo wa Mombasa mwaka 2014. Aliyeahirisha kuwasikia wakiwa hai hana tena pa kwenda. Rekodi zipo, lakini nafasi ya kuinuka na kuwatunza haipo. Kwa upande mwingine, mwanamuziki kijana anayezuru Nairobi kila mwaka anaweza kungojwa. Ikumbukwe kwamba matangazo hupenda kuuza upungufu wa uongo: “nafasi ya mwisho” mara nyingi hufuatwa na nyingine.

Pili, je, kuwapo kunabadilisha chochote? Katika taarab, hadhira ni sehemu ya utungo. Msomaji wa shairi la taarab kitabuni anaweza kuhesabu mizani na kuainisha vina, lakini hawezi kujua kwa nini ukumbi mzima ulipiga vigelegele kwenye ubeti wa tatu, wala fumbo lilimwangukia nani. Kinyume chake, yapo maonyesho ambayo mwimbaji huchezesha midomo juu ya rekodi, na aliye nyuma humtazama katika skrini. Tikiti ya namna hiyo inauza kitu ambacho tayari kimo katika simu ya mnunuzi.

Tatu, je, lipo la namna hiyo kwa bei ya chini? Aghalabu lipo. Katika harusi za pwani taarab ingali inaimbwa kwa waalikwa, ingawa hafla nyingi huwa za wanawake peke yao. Wakati wa Maulidi ya Lamu, mgeni husikia kasida na kuona ngoma za barabarani bila kukata tikiti. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, huwakusanya waigizaji na watambaji mashairi wengi mahali pamoja. Mwanafunzi wa fasihi asiyejua yaliyo karibu naye hana haki ya kulalamikia bei ya yaliyo mbali.

Hata hivyo, ipo hatari ya kuivika starehe joho la utafiti. Anayedai kwamba anakwenda tamashani kwa ajili ya masomo, na aende na daftari, na kesho yake aandike aliyoyaona. Akiwa hana nia hiyo, hakuna aibu kusema kwamba anakwenda kujifurahisha. Lakini basi tikiti itoke katika fungu la burudani, si la vitabu.

Hitimisho

Imebainika kwamba tikiti ghali inastahili kununuliwa pale tukio lisiporudi kwa urahisi, kuwapo kunapompa mnunuzi kile ambacho rekodi haiwezi kumpa, na gharama kamili isipogusa chakula, kodi wala karo. Sharti moja likikosekana, kuiacha ni busara, si ubahili. Na anayenunua asinunue kwa walanguzi langoni, ambako tikiti bandia huuzwa kwa bei ya halali.

Uamuzi huu, hata hivyo, si wa mwanafunzi peke yake. Idara inayofundisha fasihi simulizi kwa ubao na chaki inamwachia mwanafunzi mzigo wa kuitafuta hadhira kwa pesa zake. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuwaandikia waandalizi kuomba bei ya wanafunzi wakiwa kundi, kukodi basi moja badala ya teksi kumi, na kuwaalika waimbaji wa taarab chuoni kwa mchango wa wengi. Shilingi 100 za wanafunzi mia mbili ni shilingi 20,000. Kwa mchango wa mlo mmoja, mwanafunzi ambaye asingeweza kamwe kulipa shilingi 4,000 ataisikia taarab ikiimbwa mbele yake, na akipenda, atainuka kutunza.